Chipu mkononi, chapa ya Ufunuo, na mtu asiyeweza kukataa

Ndugu zangu wa Taita wakinipigia simu, salamu zikishapita na habari za mvua zikiisha, mara nyingi hufuata swali kuhusu chipu. Wamesikia kwamba hapa Uswidi watu wanapandikizwa kijidude chini ya ngozi ya mkono, kwamba asiye nacho hapandi treni wala hanunui mkate, na kwamba haya yote yalikwisha kutabiriwa. Shangazi yangu, mama wa kanisa wa miaka mingi ambaye si mtu wa kubabaishwa na kila uvumi, aliniuliza waziwazi kama na mimi nimekwisha kutiwa. Nilimjibu kwa kifupi kwamba sijatiwa na wala hakuna aliyenitaka nitiwe, lakini jambo lenyewe linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndani yake mna uvumi, mna ukweli, na mna swali la haki ambalo naona waumini wengi wanapita karibu nalo bila kuligusa.

Nianze na video iliyowatisha wengi. Mnamo Desemba 2021, wakati vyeti vya korona vilipokuwa vikidaiwa mahali pengi Ulaya, mjasiriamali wa Stockholm aitwaye Hannes Sjöblad alionyesha mbele ya kamera jinsi simu ikisogezwa kwenye mkono wake inavyofungua cheti chake. Kampuni yake, DSruptive, hushughulika na vipandikizi vya aina hiyo, kwa hiyo alichokuwa akikifanya ni kuonyesha bidhaa yake sokoni. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu yeyote kufuata mfano wake. Ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, hata hivyo, video hiyo ilikuwa imekwisha kubandikwa sauti ya Kiswahili iliyotangaza kwamba serikali ya Uswidi imeanza kuwatia raia wake chapa, na sauti hiyo ndiyo iliyoaminiwa.

Mwenzangu mmoja kazini, fundi wa mitambo, anayo chipu katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Aliniruhusu niiguse: ni kitu kigumu, kidogo mithili ya punje ya mchele, kinachotelezateleza kidogo ukikibonyeza, na juu yake hakuna alama inayoonekana ila kovu dogo sana. Chipu za aina hii huwekwa ndani ya kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, pamoja na waya mwembamba uliozungushwa kuwa antena. Hazina betri. Hupata nguvu kutoka kwenye kisomaji kinachosogezwa karibu, umbali wa sentimita chache tu, kwa teknolojia ileile iliyomo katika kadi ya benki tunayoigusisha dukani, na kumbukumbu ya zile zinazotumika sana haifiki hata baiti elfu moja, yaani nafasi ya kuandika aya moja fupi. Mwenzangu huyo alikuwa akifungulia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Kisha kampuni ikabadilisha vitasa, visomaji vipya vikakataa kuitambua chipu yake, na sasa anavaa kadi ya plastiki shingoni kama sisi wengine huku chipu ikikaa bure mkononi. Nilipomuuliza kama ataitoa alicheka, akasema haimsumbui.

Kwa hiyo anayesema kwamba chipu hii inamfuatilia mtu kutoka angani anasema jambo ambalo kifaa chenyewe hakiwezi kulifanya. Ili kitu kitoe taarifa ya mahali ulipo saa zote ni lazima kipokee ishara za setilaiti, kizipeleke kwa mtandao wa simu, na kichajiwe mara kwa mara. Kitu cha namna hiyo ninacho mfukoni, nakichaji mwenyewe kila usiku, na nikikisahau nyumbani nageuza njia kukifuata. Vilevile, chipu hii haiwezi kufichwa ndani ya chanjo. Sindano ya kuipandikiza ni lazima iwe na tundu linalozidi milimita 2, ilhali sindano ya chanjo haifiki hata milimita moja, na chipu yenyewe bila kisomaji karibu ni kioo tu. Ninao jamaa waliokataa chanjo kwa sababu ya uvumi huo, na nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa waliowatisha hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote walizitoa wapi habari zao.

Mambo yaliyotokea kweli hapa Uswidi ni madogo kuliko sifa zake. Kuanzia mwaka 2015, wanachama wa Epicenter, jengo la ofisi za kampuni changa jijini Stockholm, walianza kujitolea kupandikizwa chipu ili wafungue milango na kutumia mashine ya kunakili. Mwaka 2017 shirika la reli, SJ, liliruhusu abiria walio nazo waonyeshe mkono badala ya tiketi, na iliripotiwa wakati ule kwamba baadhi ya makondakta, badala ya kuona tiketi, waliona ukurasa wa abiria katika LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi. Kufikia 2018 vyombo vya habari vilitaja watu wapatao 4,000, katika nchi yenye watu milioni 10. Baadaye shauku ilipungua, kwa sababu simu na saa za mkononi zinafanya kazi ileile bila sindano. Msafiri atakayeshuka leo Göteborg akitafuta watu wa chipu huenda akakaa mwaka mzima asimwone hata mmoja.

Sasa niingie kwenye imani, maana huko ndiko hofu inakotoka. Tunasali kwa Kiswahili katika ukumbi wa kukodi. Wengi wetu ni Wakongo na Warundi waliofika kwa njia ya ukimbizi, na Wakenya na Watanzania tu wachache. Baada ya ibada hubaki kunywa kahawa, na chipu imejadiliwa pale zaidi ya mara moja. Sura ya 13 ya Ufunuo wa Yohana inajulikana na kila mtu: mnyama anayewafanya wote, wadogo kwa wakubwa, matajiri kwa maskini, watiwe chapa katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, hata asiye na chapa hiyo asiweze kununua wala kuuza. Ukisoma maneno hayo kisha ukamwona mtu akilipia kwa mkono, si ajabu moyo ukashtuka. Sipendi jinsi Waswidi wengine wanavyowacheka watu wetu kwa hofu hii. Hata katika Bunge la jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 2010, mbunge Mark Cole alipopeleka muswada wa kuzuia waajiri na makampuni ya bima kuwalazimisha watu kupandikizwa chipu, alieleza kwamba pamoja na suala la faragha aliguswa na andiko hilohilo.

Pasta wetu, mtu wa Kivu Kusini asiye na haraka ya kuhukumu, alitukumbusha kwamba katika andiko hilo chapa haitengani na ibada. Wanaotiwa chapa ni wale wanaomsujudia mnyama na sanamu yake, na hilo ni jambo analolifanya mtu kwa moyo wake, akijua anachokikiri. Haliwezi kumpata mtu akiwa amelala hospitalini au akidungwa sindano ya pepopunda. Wasomaji wa kwanza wa barua ile, makanisa saba ya Asia, waliishi chini ya himaya ambayo hata sarafu ya sokoni ilikuwa na sura ya Kaisari, na wataalamu wengi wa Biblia huiona hesabu ya 666 kuwa ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Pasta, na hiki changu je?" huku akikunja mkono wa shati kutuonyesha kifaa cheupe cha duara kilichobandikwa nyuma ya mkono, chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kutuma kiwango chake cha sukari kwenye simu kila baada ya dakika chache, na simu ya bintiye nayo ikipokea. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ametiwa chapa. Wala hakuna anayemwambia hivyo mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Hapo tulikubaliana, bila kuandika azimio lolote, kwamba kitu kuwa chini ya ngozi hakitoshi kukifanya kiwe dhambi.

Kwa Waislamu mjadala una njia nyingine. Jirani yangu, Mzanzibari tunayemwita Bi Mwalimu kwa kuwa hufundisha watoto Kurani mwishoni mwa juma, hakuanza na habari za mnyama hata kidogo. Alianza na mwili, kwamba ni amana, na mwenye kupewa amana hana ruhusa ya kuichezea. Kwamba kuna tofauti baina ya tiba, ambayo ina hukumu zake na dharura zake, na kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu kwa sababu ya kupunguza kazi ya kutafuta funguo. Udhu haumpi shida, kwa kuwa kitu kilicho chini ya ngozi hakizuii maji. Jambo lililomgusa zaidi ni katazo la Suratul Hujurat la kupelelezana. "Mwanangu," aliniambia, "muulize kwanza anayesoma huko ukutani ni nani, ndipo uulize mkononi mna nini." Naona katika sentensi hiyo alisema zaidi ya sisi tuliokaa na kahawa yetu.

Maana jambo la kununua na kuuza halihitaji chipu, na mtu aliyehamia Uswidi hulijua mapema. Hapa kila mkazi aliyesajiliwa ana nambari binafsi, personnummer, iliyoanza kutolewa mwaka 1947, yenye tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne mwishoni. Bila nambari hiyo hupati BankID, kitambulisho cha kielektroniki kilichoanza mwaka 2003 na ambacho sasa wengi wanacho kwenye simu. Bila BankID hupati Swish, huduma ya kutumiana fedha iliyoanza 2012 na ambayo inatumika kuanzia karo ya mpira wa watoto hadi keki kwenye meza ya mnada wa mtaa. Wakati huohuo fedha taslimu zimekuwa zikitoweka. Benki Kuu, Riksbank, ilikuta mwaka 2010 kwamba asilimia 39 ya watu walilipa taslimu katika ununuzi wao wa mwisho. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 9. Maduka mengi hubandika mlangoni tangazo kwamba hayapokei taslimu, na kwa miaka mingi sheria haikuyazuia.

Nilimwona mama mmoja mgeni, Mkongo, akiingia kwenye basi siku ya mvua na noti ya kronor 100 aliyoikunja vizuri kiganjani. Alikuwa bado anasubiri kibali, kwa hiyo hakuwa na nambari, wala akaunti, wala programu ya tiketi. Dereva alimtazama, akaelekeza kidole kwenye tangazo la kadi, akatikisa kichwa. Alikuwa mpole, na hakuwa na namna ya kuipokea noti ile hata angetaka. Mama alinyoosha noti mara ya pili, akidhani haikuonekana. Nilimlipia kwa simu, tukaketi, naye akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu kama pesa yake ni bandia. Noti ilikuwa halali kabisa, imetolewa na Benki Kuu ya nchi. Aliyekosa kutambuliwa ni yeye mwenyewe, na hakuna chipu iliyohusika.

Ajabu ni kwamba hata kanisani mambo ni yaleyale. Ukutani mwa ukumbi wetu, chini ya msalaba, pamebandikwa nambari ya Swish ya sadaka, na hao wanaoogopa chipu huitumia bila wasiwasi, ingawa kila sadaka yao huandikwa jina, kiasi, siku na saa. Na kuna jambo ambalo Waswidi wenyewe wa siku hizi wengi hawalikumbuki: daftari la wakazi wa nchi hii liliwekwa na kanisa. Hadi Julai 1991, lilipohamishiwa mamlaka ya kodi, ambayo leo huitwa Skatteverket, ofisi za parokia ndizo zilizoandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kanisa lilikuwa ndilo kisomaji.

Sisi wa Kenya tuna kumbukumbu yetu, na inanishangaza kwamba haitajwi katika mahubiri ya chipu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole, jina la mwajiri na rekodi ya kazi, iliyowekwa ndani ya kijisanduku cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyetoroka shamba la mzungu alitafutwa kwa kipande, na aliyekutwa bila nacho alitiwa ndani. Harry Thuku alisimama kukipinga na akakamatwa Machi 1922. Babu yangu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge kwetu, na alipokuwa akisimulia kipande hakusema lolote kuhusu bati lenyewe. Alisimulia jinsi mwajiri alivyoweza kuandika neno moja baya ndani yake, nawe usiajiriwe tena popote. Karne moja baadaye, mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanzisha Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mkazi, kwa tishio kwamba asiyejisajili atakosa huduma, kelele za 666 zilisikika nchi nzima. Lakini kazi iliyozaa matunda ilifanyika mahakamani, ambako Aprili mwaka huo Mahakama Kuu ilizuia watu kulazimishwa au kunyimwa huduma, na Januari 2020 ikaamua kwamba kukusanya vinasaba na mahali watu wanapoishi kwa GPS ni kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliofungua kesi ni Wanubi wa Kenya, jamii ambayo kwa miaka mingi imehangaika kupata vitambulisho. Walijua maana ya kutosomeka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa WhatsApp, na pia na wauzaji wa chipu. Wauzaji husema kila mara kwamba ni hiari. Katika mji wa River Falls, Wisconsin, kampuni ya Three Square Market ilipowaalika wafanyakazi wake kupandikizwa chipu mnamo Agosti 2017, wapatao 50 kati ya 80 walikubali, na kampuni ilisema hakuna aliyeshurutishwa. Nakubali kwamba hakushurutishwa mtu. Lakini mwajiri anapoandaa sherehe, akagharamia sindano, akasimama kutazama nani anakuja, hiari hiyo inazidi kuwa nyembamba, na kwa mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kinategemea kazi hiyohiyo inakuwa nyembamba zaidi. Jimbo la Wisconsin lilikuwa limepitisha tangu 2006 sheria inayomkataza yeyote kumlazimisha mtu kupandikizwa chipu, na naamini sheria hiyo fupi imewalinda watu kuliko mikanda mingi ya mahubiri. Hapa Uswidi, mwaka 2019, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza faini ya kronor 200,000 bodi ya shule za sekondari ya Skellefteå kwa kujaribu kuwahesabu wanafunzi 22 darasani kwa kamera ya kutambua nyuso. Shule ilijitetea kwamba wanafunzi waliridhia. Mamlaka ilijibu kwamba mwanafunzi yuko chini ya shule, na ridhaa ya aliye chini haihesabiki kuwa ridhaa huru.

Kanuni hiyo ningependa ivuke bahari. Binti wa Kilifi au wa Tanga anayekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba hukuta kwamba ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri, na wengi wao hunyang'anywa pasi wakifika. Tajiri wa namna hiyo akipewa kesho kifaa cha kumsoma mfanyakazi anapotoka na kuingia, ataulizwa na nani kuhusu ridhaa? Na waumini wenzangu, wakimbizi wa Kivu, wamekwisha kusomwa miili yao: mboni za macho na vidole walipoandikishwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, vidole tena walipoomba hifadhi Ulaya, ambako hifadhidata ya Eurodac imekuwa ikihifadhi alama hizo tangu 2003. Mmoja wao aliniambia kwamba hajawahi kuulizwa kama anataka. Aliambiwa aweke kidole, na nyuma ya kidole palikuwa na chakula. Sisemi kwamba usajili huo haukuwa na faida, kwa maana bila huo mgao ungeibiwa na familia zingepotezana. Nasema tu kwamba hakuwa na nafasi ya kukataa, na kwamba hakuna mhubiri aliyepanda mimbarini kumtetea, kwa kuwa hapakuwa na chipu ya kuonyesha.

Shangazi nilimwambia hivi nilipompigia tena: akiogopa chapa, aangalie ni mlango gani unafungwa kwa asiye nayo. Ofisi ikitangaza kwamba itapokea maombi kwa simu pekee, hapo aulize bibi wa kwetu Mghange asiye na simu atahudumiwa wapi. Serikali ya Uswidi yenyewe, katika kijitabu cha tahadhari ya vita na majanga ilichosambaza nyumbani kwetu Novemba 2024, inawashauri wakazi wawe na fedha taslimu za kutosha angalau wiki moja, baada ya miaka mingi ya kuziacha zitoweke. Nasi katika baraza la kanisa tumekubaliana kwamba kapu la sadaka litaendelea kupita kila Jumapili hata kama wiki nyingine halitakuwa na kitu, na kwamba mgeni asiye na nambari akihitaji tiketi ya basi, mhazini atampa iliyolipiwa na kanisa bila kumwandika jina. Mhazini alilalamika kwamba mkaguzi wa hesabu atahoji. Tulimwambia amlete mkaguzi tuzungumze naye.